Chapa Iliyopitia Burma

Tangu nianze kuandika haya nimeketi mara tatu, na mara tatu nimeinuka. Mara ya kwanza nilikwenda kuangalia kama maji ya mfereji yamerudi. Hayajarudi. Mara ya pili sijui nilifuata nini. Mara ya tatu binti yangu Nekesa aliniuliza kutoka jikoni, "Mama, unatafuta nini tena?" Nikamwambia natafuta miwani, nayo ilikuwa usoni. Basi nivumilieni. Kustaafu hakujaniingia. Mikono hii ilitengeneza meno bandia zaidi ya miaka thelathini, na sasa kazi yake ni kuinua kikombe cha chai na kukirudisha mezani.

Nyinyi mlioingia kazini juzi juzi mmeniuliza swali moja, na mmeniuliza kama watu wanaotaka jibu la ndiyo au la: skana ni sahihi kuliko chapa ya mkono? Jibu ninalo. Lakini nikiwapa jibu tupu mtalisahau kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo nitawapa pamoja na aibu yangu.

Ili wazazi wenu wakisoma hapa wasipotee, wacha nieleze. Chapa ni ile alama anayochukua daktari wa meno kwa kukoroga unga na maji, akajaza kwenye trei ya chuma, akakusukumia mdomoni na kukuambia upumue kwa pua. Ukishika anauvuta, na meno yako yameacha mashimo ndani yake. Sisi mafundi tunamimina plasta katika mashimo hayo, tunapata mdomo wa plasta wa kufanyia kazi mezani. Skana nayo ni kijiti chenye kamera. Kinapita juu ya meno kikipiga picha nyingi, na kompyuta inaziunga ziwe mdomo mmoja kwenye kioo. Hakuna unga, hakuna mtu kutapikia viatu vya daktari.

Aliyenifunza mimi ni Mzee Kamau, kwenye karakana yake hapa Ziwani, chumba kimoja chenye dirisha moja na vumbi la plasta mpaka kwenye chai. Alikuwa mtu wa maneno machache na yote yalikuwa ya kukemea. Wiki yangu ya kwanza nilipokea chapa kutoka kliniki, nikaiweka dirishani, nikatoka nje kumsalimia mtu wa kwetu. Niliporudi ilikuwa kwenye pipa la taka. "Lakini Mzee, ni dakika tu!" nikalia. "Chapa ni uji wa mtoto," akasema. "Haingoji mgeni." Akanituma kwa miguu hadi kliniki, nimwombe mgonjwa msamaha na nimwombe afungue mdomo tena. Mgonjwa alikuwa askari jela. Sitaki kueleza alivyonitazama.

Mlishike hilo, maana ndilo kila kitu. Ule unga umejaa maji. Ukiuacha hewani maji yanatoka, chapa inanywea na kupinda, na macho yako hayaoni kitu. Ukiilowesha tena inavimba. Kati ya kunywea na kuvimba hairudi kamwe ilivyokuwa. Unaifunika kwa tishu mbichi, unaifungia kwenye mfuko, unakimbia.

Mzee Kamau alipofariki karakana ikabaki kwangu. Tukafanya kazi na Daktari mmoja mwenye kliniki Makadara, karibu na mahakama. Siku moja Daktari akanunua skana, na pamoja nayo akaniletea Nyambura, fundi kijana aliyesoma mambo ya kompyuta. Asubuhi alikuwa akichukua picha kule kliniki, mchana yuko kwangu Ziwani akichora meno kwenye kioo. Binti mwembamba, kucha zimepakwa rangi, anaingia na, "Sasa, Mathe!"

"Sasa ni ya rika lako," nikamjibu. "Mimi nisalimie vizuri."

"Habari ya asubuhi, Mathe."

Hilo jina la Mathe, yaani mama kwa lugha ya vijana, halijaniondokea mpaka leo.

Mwezi wa kwanza wa skana tuliletewa kazi ya shosho mmoja, bibi kizee asiye na hata jino. Fizi zake zilikuwa laini, zimelegea, zinang'aa kwa mate. Sasa sikilizeni, hapa ndipo wengi wenu mnaanguka. Kompyuta inaunga picha kwa kutafuta kitu cha kushika: pembe ya jino, ufa, jino lililokaa upande. Pale haikupata kitu. Upande huu utelezi, upande ule utelezi, na fizi yenyewe inasogea ukiigusa. Mashine ikabahatisha. Sahani ya meno iliyotoka ilimpwaya shosho mpaka akicheka inashuka yenyewe. Nikarudia kwa chapa ya mkono, polepole, nikamwambia Daktari ambane midomo hivi na hivi. Ikakaa kama imezaliwa pale.

Ala! Nilitembea karakana nzima kifua mbele kama jogoo. Nilimwambia kila aliyepita mlangoni, hata mwenye kuuza mayai. Nyambura akasema kwa upole, "Mathe, ni kweli kwa fizi tupu. Lakini mtu akiwa na meno yake ya kushikia, hii mashine haiangushi." Sikusikia. Ukiwa sahihi mara moja kwa sauti kubwa, mara ya pili hutaki hata kupima.

Ndipo akaja Mzee Wanyonyi.

Mzee huyu alistaafu reli, na katika bendi ya kanisa letu ndiye mpiga tarumbeta tangu nikiwa mama kijana. Meno manne ya mbele, ya juu, hakuwa nayo. Yaling'oka zamani na meno bandia aliyokuwa akivaa nilimtengenezea mimi. Sasa alikuwa ameteleza bafuni, sahani ikavunjika vipande vitatu. Na tarumbeta bila meno ya mbele haipigiki, kwa sababu mdomo wa chombo hauna pa kuegemea. Unatoa upepo na mate.

"Mama Nekesa," akaniambia, mkono mmoja umefunika mdomo kwa aibu, "Jumamosi ya wiki ijayo Nanjala anaolewa. Siku namwoa mama yake nilimpigia tarumbeta kutoka mlangoni hadi mbele. Mama yake hayupo tena. Mtoto ameniomba kitu kimoja tu."

Hakumalizia. Sikuhitaji amalizie.

Jumatatu nikaenda mwenyewe kliniki. Nyambura akachukua picha. Aliyakausha meno kwa hewa, akasogeza shavu, akaanzia jino la nyuma, akatembea juu ya meno bila kuruka, akarudi kwa ndani, kisha kwa nje. Kabla ya hapo alikuwa ameipima mashine kwa kipande chake maalumu cha kupimia, kwa sababu ilikuwa imehamishwa kutoka chumba kimoja hadi kingine. Safi kabisa. Ningekuwa muungwana ningesema safi. Badala yake nikamwambia Daktari, "Na chapa ya mkono pia. Huyu ni wangu."

Daktari akashusha pumzi, akakoroga unga. Alitaka kumpa mtu wa pikipiki aipeleke Ziwani. Nikakataa. Nani amwamini mtu wa pikipiki na mdomo wa Mzee Wanyonyi? Nikaifunika kwa tishu mbichi, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko nikautia kwenye kikapu changu, nikatoka.

Nikafika Burma, lile soko la nyama lililo njiani.

Mnajua Burma saa saba mchana. Moshi wa nyama unakuja kukulaki barabarani. Na pale pale mlangoni mwa bucha amesimama shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye hatukuwa tumeonana tangu Pasaka.

"Shemeji! Unapita hivyo hivyo, kama hatujuani?"

"Nina haraka, shemeji, nimebeba kazi."

"Kazi haina miguu. Mbavu ndizo zinaiva hapa. Dakika kumi!"

Nilimsikia Mzee Kamau. Naapa nilimsikia, haingoji mgeni. Lakini nilikuwa nimeamka na chai tupu, na zilikuwa mbavu za mbuzi. Nikaketi. Kikapu nikakiweka chini ya benchi, upande wa jiko. Zikaja mbavu, ikaja kachumbari, zikaja habari za nyumbani, nani amezaa na nani amegombana juu ya mpaka wa shamba. Mfuko wa plastiki niliufungua mara moja kuchungulia, na mkono wenyewe wa mafuta. Sikuufunga tena vizuri. Nilipoinuka ilikuwa imepita zaidi ya saa moja, na ile tishu mbichi ilikuwa kavu kama karatasi ya kufungia nyama.

Nilifanya nini? Haya, mafundi, semeni. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Unaitupa, unarudi Makadara, unaomba msamaha.

Mimi niliomba maji pale bucha, nikaimwagia, nikaifunika upya kwa tishu ile ile, nikaenda Ziwani na kumimina plasta. Nikajiambia, wewe una uzoefu, mkono wako utaona.

Fremu ya chuma ya Mzee Wanyonyi, ile ya kubebea meno, tuliitengeneza kutoka picha za skana, kwa sababu ndivyo Daktari alivyotaka. Ilipotoka kwenye moto na kusafishwa, nikaiweka juu ya mdomo wangu wa plasta. Ikacheza. Bonyeza huku, inainuka kule.

"Nilisema!" nikapiga meza. "Nilisema mimi! Mashine yenu inadanganya."

Nyambura akaja, akaangalia, akarudi kwenye kompyuta yake, akaangalia tena. "Mathe, picha iko sawa. Wacha nichapishe mdomo wa plastiki kwa ile printa ya kuunda vitu, kutoka kwa hii faili, tuweke fremu juu yake tulinganishe. Ni saa chache tu."

"Hakuna saa chache. Kuna harusi."

Na nikachukua tindo ya umeme, nikaichonga fremu. Huku kidogo, pale kidogo, mpaka ikatulia juu ya plasta yangu. Nikapanda meno juu yake moja kwa moja, bila hata kuijaribu ikiwa chuma kitupu mdomoni. Kila nilichokanya wengine kwa miaka, nilikifanya wiki ile. Na usingizi ukanitoroka, na miguu haikutulia, na sikujiuliza kwa nini.

Jumatano, siku tatu kabla ya harusi, Mzee Wanyonyi alikuja kliniki na tarumbeta yake kwenye begi. Daktari akamvalisha. Sahani iliyotulia juu ya plasta ikaanza kucheza mdomoni. Mzee akasema, "Labda itazoea," akainua tarumbeta. Ikatoka sauti ya bata, halafu meno yakagonga chuma, ta-ta-ta. Akaishusha. Akapangusa mdomo kwa leso, akaikunja ile leso vizuri sana, pembe kwa pembe, asitutazame.

Daktari aligeuka kwa Nyambura. "Hii si mara ya pili? Kwanza yule shosho, sasa hii. Jumatatu narudisha hii mashine ilikotoka. Na wewe tafuta kwingine."

Nilikuwa nimesimama mita moja kutoka kwake. Mdomo wangu ulikuwa na meno yote thelathini na mawili, na haukufunguka.

Nyambura naye hakujitetea. Akasema, "Sawa, Daktari," akazima kompyuta.

Tulirudi Ziwani, yeye mbele, mimi nyuma. Karakanani akaanza kukusanya vitu vyake: kikombe, koti la kazi, chaja ya simu. Sikuweza kukaa, sikuweza kusimama. Nikamwambia, kwa sababu ilibidi niseme kitu, "Pole. Ndiyo maisha na hizi mashine."

Akafungua droo yake, akatoa tishu moja iliyokunjwa, akaniwekea mezani. Ilikuwa na doa la mafuta na chembe ya nyanya iliyokaukia pale.

"Nilitoa hii kwa trei nikiosha, ile Jumatatu," akasema. "Inanuka choma mpaka leo. Nilijua siku hiyo hiyo."

Woi, ardhi ingepasuka ningeingia. "Ulijua? Na hukusema? Mbele ya Daktari ukanyamaza?"

"Ningesema aje, Mathe? Watu wa hii kazi wote wanakuita mwalimu. Nikuanike mbele ya mgonjwa wako?" Akaifunga droo. "Nilikuomba nichapishe ule mdomo tulinganishe. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kukuambia."

Wanangu, nimewahi kuungua mkono kwa chuma cha moto. Haikuniuma hivi. Binti amebeba kosa langu, ameosha trei yake, ameficha tishu yake ili mimi nisiaibike, na mimi nimemwacha afukuzwe ili niendelee kuitwa mwalimu. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na mimi karibu nizae harusi isiyo na tarumbeta.

Nikainyakua ile tishu. "Usifunge begi," nikamwambia, na nikatoka. Sikungoja gari. Nilitembea, nilikimbia, nikatembea tena, na nilipopita Burma nilivuka upande wa pili wa barabara, nisisikie hata harufu.

Mzee Wanyonyi alikuwa bado ameketi kwenye benchi la nje la kliniki. Hakuwa ameweza kwenda nyumbani kumwambia Nanjala. Daktari alikuwa akifunga madirisha.

"Daktari, usirudishe mashine. Na Nyambura hana kosa."

"Mama, hayo tumeshaongea."

"Hatujaongea. Wewe umeongea. Mimi ndiye nilikula nyama."

Nikaweka ile tishu mezani na kueleza yote: Burma, benchi, jiko, maji ya bucha, plasta, tindo. Mlango ulikuwa wazi na nilitaka uwe wazi. Nilipomaliza Daktari aliichukua ile tishu, akainusa. Halafu kutoka kwenye benchi sauti ikauliza:

"Nyama ya nini?"

"Mbavu za mbuzi, Mzee."

"Zilikuwa tamu?"

Sikuweza kumdanganya tena. "Tamu sana, Mzee."

"Basi angalau," akasema. Hapo ndipo nililia. Angenitukana ningevumilia.

Alisimama, akavaa kofia. "Mama Nekesa, Jumamosi saa nne nitakuwa kwenye mlango wa kanisa na tarumbeta mkononi. Nikiwa na meno au sina. Nanjala ataniona pale."

Daktari alimpigia Nyambura simu mbele yangu akamwomba radhi, polepole, kama mtu anayejifunza lugha. Mimi akaniambia kwamba kuanzia siku ile chapa yoyote itakayopita mikononi mwangu, Nyambura ataikagua kabla sijamimina plasta. Ilinichoma. Nilikubali.

Na sasa sikieni jibu la swali lenu. Hatukumwita Mzee Wanyonyi afungue mdomo tena. Hatukukoroga unga. Nyambura alifungua faili ile ile ya Jumatatu, na mdomo wa Mzee ulikuwa pale, vile vile, haukupungua unywele. Faili haikauki. Haipiti Burma. Alhamisi tukachapisha mdomo wa plastiki na kiolezo cha fremu mpya, tukakimiminia chuma. Ilipotoka tukaiweka juu ya ule mdomo. Haikucheza. Ile niliyoichonga tukaiweka hapo hapo, ikayumba kama mlevi. Nyambura aliinama juu ya fremu mpya. Nilimwambia, "Sema tu," akasema, "Wacha tumalize kazi, Mathe."

Kwa mtu mwenye meno ya kushikia, skana iaminini, lakini mkaipime kila ikihamishwa, mkaushe mate, msiruke njia. Kwa fizi tupu zinazoteleza, fikirieni mara mbili, na msione aibu kukoroga unga. Na zikigombana, plasta na mashine, msichonge kwanza. Ulizeni kila moja ilipitia wapi kabla ya kufika mezani. Mashine iliniambia ilikopita. Plasta ilijua na ikanyamaza, kama mimi.

Ijumaa alasiri Daktari alimvalisha. Ikaingia kwa sauti ndogo, tik, ikakaa. Nikamwomba Mzee apige kidogo, nisikie tu, nipumue. Akaurudisha ule mdomo wa chombo kwenye begi lake.

"Kesho," akasema.

Fikirieni wenyewe nilivyokesha. Jumamosi nilikuwa kanisani kabla ya waliopamba maua kumaliza. Nilikaa benchi la nyuma, nikahamia la mbele, nikarudi. Nilitoka kuangalia kama magari yamefika. Nyambura, aliyekuwa amevaa gauni la maana mpaka nikakosa kumtambua, alinivuta mkono. "Mathe, keti. Watu wanaangalia." Niliketi, nikainuka. Sahani inaweza kukaa mezani pa daktari na ikasaliti kwenye pumzi ya kwanza, hilo nalijua kuliko yeyote mle ndani. Niliuma kidole mpaka kikaacha alama, chapa nzuri ya meno manne.

Saa nne ikafika. Mlango ukafunguliwa. Nanjala alikuwa amesimama kwenye mwanga, na kando yake baba yake, suti ya reli ya siku zile, tarumbeta imeinuliwa. Nikamwona akijaribu kwa ulimi, mara moja, kuhakikisha meno yapo. Akavuta pumzi.

Sauti ilitoka nzima. Haikuwa na mate, haikutikisika, ilijaa paa na kushuka juu yetu, na Nanjala akaanza kutembea.

Kanisa zima likasimama kwa vigelegele. Mimi nikaketi.